Neno la Kiingereza likikataa kupata kina

Malenga wa Kiswahili akianza kuandika kwa Kiingereza huja na sikio lake zima, na sikio hilo ndilo linalomponza. Kwetu *nyota*, *karata* na *mafuta* ni vina safi. Yote yanaishia na -ta, basi, twende mshororo unaofuata. Mkazo wa sauti uko nyuma ya hiyo -ta, kwenye *nyo*, kwenye *ra*, kwenye *fu*, na hakuna anayeujali. Kiingereza kimepanga mambo kwa namna yake: kina kinaanzia kwenye irabu iliyobeba mkazo na kuendelea mpaka mwisho wa neno. Kuanzia hapo kila sauti lazima ifanane, na konsonanti iliyo kabla ya irabu hiyo lazima itofautiane.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisahihisha mistari ya Kiingereza ya vijana wa studio, kwaya na wanafunzi wa mashindano ya mashairi, na malalamiko ni yaleyale. Nimeyaandika hapa kwa jinsi wenyewe wanavyoyasema.

Lakini kwanza jifunze kukata neno. Fungua kamusi yoyote ya Kiingereza inayoonyesha matamshi. Utaona kistari kidogo cha wima kilichoinuliwa juu; kimewekwa mbele ya silabi yenye mkazo. *Emotion* imeandikwa /ɪˈməʊʃn/. Ruka kistari, ruka na ile m inayokifuata, kata hapo. Kinachobaki ni kama 'oushn', na hicho ndicho kina chako. *Ocean*, *lotion*, *devotion* ni ndugu wa tumbo moja na *emotion*. *Nation*, *station* na *creation* wana mkia wa 'eishn'. Huo ni ukoo mwingine, ingawa tahajia inakushawishi uwaweke meza moja.

## "Silabi ya mwisho ni ileile, mbona wanasema sijapanga vina?"

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea hii:

> I sweep the yard each morning
> and light the lamp each evening

Kwa sikio letu kuna -ning juu na -ning chini, kazi imekwisha. Mwingereza anasikia kitu kingine. Mkazo wa neno la kwanza uko kwenye 'moo', wa neno la pili kwenye 'ii', na irabu hizo mbili hazijuani kabisa. Ile -ning ya mwisho kwake ni mkia tu usio na uzito. Anavyosikia yeye ni kama sisi tunavyosikia *baba* kupangwa na *kaka*: kuna kitu kinafanana, lakini ni guni, yaani kina hakijatimia.

Ukikata *morning* kwenye mkazo unapata *warning*, *adorning*, *scorning*. *Evening* ukiikata hupati kitu cha maana. Kwa hiyo usipigane na *evening*, ifukuze. Neno *night* lina ndugu wengi hata wa kugawa: *light*, *bright*, *kite*, *write*, *height*. Yule binti aliandika upya mwenyewe:

> I sweep the yard before the light
> and fill the lamp again at night

Maneno marefu yenye mkazo wa mbali, kama *family* au *memory*, yana njia ya kando. Mkazo wa *family* uko mwanzoni kabisa, na neno jingine linalofanana nalo kuanzia hapo mpaka mwisho halipo la kutumika. Washairi wa Kiingereza kwa karne nyingi wameipandisha cheo silabi ya mwisho na kuipanga na *me*, *be*, *sea*. Nyimbo za kanisani zimejaa jambo hilo, *eternity* na *be*, na hakuna anayenung'unika. Kumbuka tu kwamba ni kina chepesi. Usikiweke pale unapotaka mstari upige kwa nguvu.

## "Vinalingana mpaka vinachosha"

Hili ni kinyume cha tatizo la kwanza, na linatoka kwenye sikio hilohilo. Sisi tunadai konsonanti ya kina iwe ileile: -ta kwa -ta, -mu kwa -mu. Kiingereza kinakataa konsonanti ileile mbele ya irabu yenye mkazo. *Light* na *delight* kwao ni neno moja limevaa kofia. Vivyo hivyo *leave* na *believe*, *nation* na *donation*, na hata *sea* na *see* ambayo maana zake ni mbali kabisa.

Si sheria ya tangu dunia iumbwe. Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, alipanga maneno yanayotamkwa sawasawa bila haya, na Wafaransa mpaka leo huona kina cha namna hiyo ni utajiri. Lakini msikilizaji wa Kiingereza wa leo hukisikia kama umeishiwa. Ukiona l na l, au n na n, mbele ya mkazo, badilisha moja: *delight* iende na *tonight* au *bright*, *believe* na *grieve* au *receive*.

## "Yanaandikwa sawa kabisa!"

Yanaandikwa sawa, ndiyo. *Love* ni 'lav', *move* ni 'muuv', *drove* ni 'drouv'. Kundi la -ough ndilo kituko zaidi: *though* 'dhou', *through* 'thruu', *rough* 'raf', *cough* 'kof', *bough* 'bau'. Herufi zilezile nne, sauti tano.

Chanzo ni cha kihistoria. William Caxton alifungua mashine yake ya kuchapa pale Westminster mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda. Irabu ndefu za Kiingereza wakati huo zilikuwa zinahama, na ziliendelea kuhama mpaka miaka ya 1700. Maandishi yakabaki, sauti zikaondoka. Ndiyo maana katika soneti ya 116 ya Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1609, mistari miwili ya mwisho inaishia na *proved* na *loved*. Waliochunguza matamshi ya zama zile wanasema maneno hayo yalilingana. Leo kimebaki kina cha macho tu.

Sisi tuliolelewa na Kiswahili, lugha inayoandikwa inavyotamkwa, tunaziamini herufi mno. Na hasara kubwa zaidi haiko kwenye vina vya uongo unavyovipanga, iko kwenye vya kweli unavyoviacha. Nilimwomba kijana mmoja anitafutie vina vya *bird*. Akaleta *third*, akaishia hapo. Akawaacha *word*, *heard*, *absurd*, *stirred* na *preferred*, wote wanangoja nje, kwa sababu hawakuandikwa na -ird. Jaribu *blue*: *you*, *shoe*, *two*, *flew*, *through*, *queue*. Kila mmoja ameandikwa kivyake.

Hata kamusi za vina za zamani zina ugonjwa huu. John Walker, mwigizaji wa London aliyegeuka mwalimu wa matamshi, alitoa yake mwaka 1775 akiwa amepanga maneno kwa herufi za mwisho kurudi nyuma. Ukiokota kamusi ya mtindo huo kwenye vitabu vya mitumba, isome kwa sauti kabla ya kuiamini.

## "Nikiyatamka mimi yanalingana"

Huu ndio ugonjwa mkubwa, na si aibu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa irabu kama 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine. Ishirini zikiingizwa kwenye vyumba vitano lazima zilale mzungu wa nne. *Hat*, *hut*, *heart*, *hurt*: maneno manne, wengi wetu tunayatamka 'hat' mara nne. Kijana anashika kipaza sauti:

> You reached up for your hat
> and walked out with my heart

Kwenye jukwaa la Arusha au Kisumu kina kimetimia. Mwimbaji anakisikia, mashabiki wanakisikia, mstari unapita. Na mimi nasema kimetimia kweli. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina lafudhi yake kama kile cha Scotland au cha Jamaica, na kina hukaa masikioni, hakikai kwenye kamusi ya watu wengine. Mtu asikutishe.

Tatizo linaanza shairi likisafiri bila sauti yako. Jaji aliyeko London anasoma karatasi. Anasikia lafudhi yake mwenyewe kichwani, na *hat* yake ni fupi, imebanwa mbele ya mdomo, wakati *heart* ni ndefu, inatoka kooni. Kwake hujapanga kitu. Kwa hiyo amua kwanza shairi linakwenda wapi, kisha ndiyo ulisahihishe.

Likiwa linasafiri, kuna njia ya mkato niliyoiona inasaidia kuliko masomo marefu ya fonetiki: tazama r. Irabu ikifuatwa na r katika tahajia, mtafutie mwenzake mwenye r pia. *Heart* na *part*, *start*, *art*. *Hurt* na *shirt*, *dirt*, *dessert*. Isiyo na r iende na isiyo na r: *hat* na *cat*, *that*, *hut* na *cut*, *but*. (Si *put*, hiyo ina 'u' yake.) Ukifuata hilo utakuwa salama kwa Mwingereza na kwa Mmarekani pia. Njia hii haikuhakikishii kina kamili, maana *heart* na *hurt* zote zina r na hazilingani, ila inakuondolea makosa yanayosikika vibaya zaidi.

Yaliyobaki ni ya sikio. Chukua jozi hizi: *ship* na *sheep*, *full* na *fool*, *bed* na *bad*, *got* na *goat*. Kamusi nyingi za mtandaoni zina kitufe cha sauti. Bonyeza, sikiliza, jirekodi kwa simu, sikiliza tena zikifuatana. Siku mbili za kwanza utaapa kwamba ni sauti moja. Usikate tamaa, siku moja *sheep* itarefuka ghafla na hutaweza tena kuisikia fupi.

## "Neno ni sahihi, lakini mwisho wake unakwaruza"

Kwaya moja ilipanga *eyes* na *paradise*, ubeti mzima ukasimama juu ya vina hivyo. *Eyes* inaishia kwa z: 'aiz'. *Paradise* inaishia kwa s: 'paradais'. Tahajia imezificha zote mbili. *Eyes* iende na *skies*, *rise*, *prize*, *wise*. *Paradise* iende na *price*, *twice*, *sacrifice*. Waswahili tuna s na z zote, kwa hiyo hapa sikio letu halina kisingizio. Tatizo ni kusoma badala ya kusikiliza.

Ndugu yake ni -ed. *Kissed* ni 'kist', kwa hiyo inalingana na *list* na *wrist*. *Played* inaishia kwa d, inalingana na *shade*. *Needed* inaongeza silabi nzima na kutaka *pleaded*. Ukitamka zote 'ed', hutaviona vina vizuri kama *passed* na *last*.

## "Programu ya vina inanipa maneno ya ajabu"

Tovuti kama RhymeZone ni msaada mkubwa, ila jua zinavyofanya kazi. Programu nyingi za namna hii hutegemea kamusi ya matamshi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, yenye maneno zaidi ya 130,000. Ndani yake maneno yameandikwa kwa msimbo wa sauti, na kila irabu ina namba: 1 ni mkazo mkuu, 2 mkazo mdogo, 0 hakuna mkazo. *Safari*, neno letu lililohamia kwao, limeandikwa hivi:

S AH0 F AA1 R IY0

Mashine inatafuta ile 1, inakata, inabaki na AA1 R IY0, kisha inatafuta kila neno lenye mkia huo. Inakuletea *Ferrari*, *starry*, na *sorry*. Ukishangaa *sorry* imefikaje, jibu ni kwamba Mmarekani huitamka 'saari'. Mwingereza haitamki hivyo. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa programu hizi: zina sikio la Kimarekani. Zitakupangia *been* na *pin*, maana huko *been* ni 'bin'. Zitakunyima *horse* na *sauce*, vina visivyo na doa kwa mtu wa London asiyetamka r.

Ugonjwa wa pili ni maneno yenye sura moja na sauti mbili. Mashine haijui unakusudia lipi. *Wind* ya upepo inalingana na *pinned*. *Wind* ya kuzungusha inalingana na *find*. *Tear* ya machozi inakwenda na *near*, ya kuchana inakwenda na *share*. *Live* ya kuishi ni *give*, ya matangazo ya moja kwa moja ni *five*. *Use* ikiwa kitenzi ni *choose*, ikiwa nomino ni *juice*. Majibu yakija yamechanganyika, usiilaumu programu. Tafuta neno jingine ambalo una hakika na sauti yake, andika *find* badala ya *wind*, upate orodha safi.

Ugonjwa wa tatu ni majina. Ukiandika jina la mtaa wako hupati kitu, kwa sababu hakuna aliyeliingiza. Hapo likate mwenyewe, kwa jinsi wanaozungumza Kiingereza wanavyolitamka. *Nairobi* ina mkazo kwenye 'rou', kwa hiyo *adobe* inakubali. *Zanzibar* ni neema: *star*, *far*, *guitar*, na mengine mengi. *Tanzania* ikitamkwa na mkazo kwenye 'nii' inakaa vizuri na *Korea* na *Maria*. *Kenya* ni ngumu. Utaishia kuunganisha maneno mawili, kama *when ya* ya mitaani, na hapo uwe na ucheshi wa kulibeba.

## "London wanakubali, Marekani wanakataa"

Kuna wimbo wa alfabeti ambao kila mtoto wa chekechea anaujua. Ulisajiliwa Boston mwaka 1835, na vina vyake vinategemea herufi ya mwisho kuitwa 'zii', ilingane na 'vii' na 'tii'. Shule zetu zilirithi 'zed' ya Waingereza. Basi mtoto wa Dar es Salaam anateleza vizuri mpaka 'vii', halafu anagonga 'zed' kama tairi kwenye shimo. Hakuna aliyekosea. Wimbo umetoka nchi moja, jina la herufi nchi nyingine.

Maneno machache ndiyo yanayosumbua zaidi. *Clerk* kwa Mwingereza inalingana na *dark*, kwa Mmarekani na *work*. *Father* inapangwa na *bother* huko Marekani, na *rather* huko Uingereza. *Again* ina matamshi mawili, 'agen' na 'agein', na washairi hutumia lile linalowafaa mstarini. Chagua upande mmoja mwanzoni mwa shairi, ukae nao. Shairi lenye *clerk* na *dark* ubeti wa kwanza, kisha *been* na *pin* ubeti wa tatu, linasikika kama mtu anayebishana na nafsi yake.

## "Nimetafuta kila mahali, hakuna"

Inawezekana ni kweli hakuna. *Orange*, *silver*, *month*, *purple* na *wolf* ni maarufu kwa ugumba. Watu wa mafumbo watakuletea *chilver*, kondoo jike mdogo, kwa ajili ya *silver*, au Blorenge, mlima ulioko Wales, kwa ajili ya *orange*. Ni vina kweli, lakini ukivitumia wimbo wako utahitaji maelezo ya pembeni.

Hapa ndipo vina vya karibu vinapoingia, na hapa sikio la mtunzi hujulikana. Ukaribu una daraja zake. Karibu kabisa ni irabu ileile yenye mkazo, kisha konsonanti ndugu badala ya ileile. Ndugu ni zile zinazotoka mdomoni kwa namna moja: p, t, k wanapasuka pamoja, b, d, g vilevile, m, n, ng' wanapita puani, f, s, sh wanavuma, v na z wanavuma kwa mtetemo. *Time* na *line* zinakaribiana sana kwa sababu m na n ni ndugu wa pua. *Back* na *that* zinapita bila mtu kugundua, hasa kwenye wimbo. *Month* inaweza kuegemea *front* au *hunt*: irabu ni ileile, n ipo, mwisho tu ndio umehama kidogo.

Daraja linalofuata ni kuongeza au kupunguza konsonanti. *Silver* ukiipunguzia l unapata *river*, *shiver*, *deliver*, na hayo yanatosha kwa ubeti mzima. *Day* na *made* ni mfano mwingine. Mmoja kamtangulia mwenzake kwa d tu. Chini zaidi kuna irabu peke yake, konsonanti ziende zinakotaka, na marapa huishi humo: silabi tatu nne mfululizo zenye irabu zilezile zina nguvu kuliko kina kimoja kamili mwishoni. Eminem, rapa wa Marekani, katika mahojiano ya televisheni ya mwaka 2010, alikasirishwa na wanaosema *orange* haina kina, akaipanga papo hapo na *door hinge*, *storage*, *porridge* na *George*. Siri yake iko kwenye *door hinge*: neno moja limejibiwa na mawili. Ukikwama, livunje neno lako vipande na ujibu kila kipande.

Upande wa pili wa uwanja ni wale wanaoshika konsonanti na kubadili irabu. Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyeuawa vitani tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla bunduki hazijanyamaza, alipanga *hall* na *hell*, *groined* na *groaned*. Ukisoma kwa sauti unahisi kina kilikuwa kinakuja kikavunjika njiani. Kwa mashairi ya vita ilifaa mno. Kwa tangazo la sabuni ya unga haifai.

Malenga wa kale wataniuliza: je, hii si kuhalalisha guni? Kwa Kiswahili cha arudhi, yaani cha kanuni za ushairi, ndiyo, ni guni. Kwa Kiingereza ni zana halali, mradi uitumie kwa makusudi na kwa mfululizo. Shairi lenye vina kamili kumi na cha karibu kimoja linaonekana limekosewa. Lenye vina vya karibu tangu mwanzo linaonekana limeamuliwa.

## "Vina vyote vimetimia, lakini mstari umepinda"

Hapo kina kimekuwa bwana. Dalili yake ni sentensi iliyogeuzwa kichwa chini ili neno fulani lifike mwisho, au njiwa anayeingia kwenye wimbo wa mapenzi kwa sababu tu *love* ilimhitaji *dove*.

Kijana mmoja wa studio alikuwa na mstari aliokataa kuuacha, kuhusu mama yake aliyekuwa akiuza maji baridi stendi:

> My mother used to carry the whole world

Alitafuta kina cha *world* siku nne. Tukaikata pamoja: irabu ndefu, l, d. Kamili zilikuwa *curled*, *hurled*, *swirled*, *unfurled*, na hakuna hata moja iliyowahi kufika stendi. *Whirled* tuliitupa, maana wengi huitamka sawasawa na *world* yenyewe. *Old* na *cold* alizileta yeye, akidhani zimelingana, nikamwonyesha irabu. *Girl* inakosa d, *word* inakosa l: za karibu, si mbaya. Alijaribu *girl*, ikamgeuza mama yake kuwa mtu mwingine.

Nikamwuliza, huo ulimwengu mama aliubeba wapi? Akacheka, akagusa utosi. *World* ikaingia katikati ya mstari ambako haidaiwi chochote, na neno la mwisho likawa *head*, lenye *bread*, *bed*, *said* na *instead* mlangoni. *Cold* aliyoikosa kama kina akaipata kama neno la kawaida:

> My mother took the world and put it on her head
> and sold it, cold, in bags, to buy us bread

Alirekodi jioni ileile.